Mlima Uliorukwa Ramanini

Bomba la jikoni lilikoroma gizani, likakohoa hewa, likanyamaza. Lilipokoroma mara ya pili, Inspekta Somoe Likwata alikuwa ameshasimama anapapasa ndoo. Maji yakirudi baada ya mgao hayamsubiri mtu, awe inspekta awe nani. Akatega ndoo ya kwanza, akasikiliza maji yanavyopiga kitako chake, na papo hapo, kabla hata hajanawa uso, akaanza upya kulifikiria jiwe.

"Jiwe ni jiwe, Somoe," mkubwa wake alikuwa amemwambia jana, akifunga jalada kwa kiganja kama mtu anayeua inzi. "Jiwe lenye damu limekutwa kwenye mfuko wa fundi. Fundi mwenyewe ana damu shatini. Unataka malaika ashuke atoe ushahidi?"

Fundi huyo ni Adelino, mwashi, kijana wa kandokando ya Ruvuma ambaye babu zake walivuka mto kutoka Msumbiji wakalima upande huu. Alikuwa akijenga ukuta wa mawe ya matumbawe nyumbani kwa Dokta Idrisa Chilumba, kule Ufukoni. Juzi asubuhi alifika kazini akamkuta Mikaeli, mlinzi wa nyumba hiyo, amelala kifudifudi mlangoni pa stoo, kichwa kimepasuliwa. Akamnyanyua, na hapo ndipo damu ilipoingia shatini. Akapiga yowe, watu wakaja, polisi wakaja, wakapekua mfuko wake wa zana na kutoa jiwe jeusi lililooshwa haraka haraka, damu bado imejificha kwenye vitundu vyake. Tangu hapo Adelino yuko mahabusu, na maneno yake hayabadiliki: "Nnungu anaona, mama. Hilo jiwe si langu."

Leo adhuhuri atapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji. Mauaji hayana dhamana. Mtu akishaingia gerezani kungoja upelelezi ukamilike, mwanawe anaweza kuota meno mapya yote bila kumwona.

Somoe hakuwa na ugomvi na mkubwa wake. Alimdharau tu, kwa utulivu, kama mtu anavyodharau mwavuli uliotoboka: kuvuja umeshakuzoea, kinachokera ni kwamba bado unaitwa mwavuli. Jiwe ni jiwe! Mtwara nzima mawe yake ni matumbawe, meupe, mepesi, ya kuchomea chokaa. Lile la kwenye mfuko lilikuwa jeusi na zito kama dhambi. Tena lilikuwa na ganda la rangi ya manjano inayoelekea kijani, limechorwa mistari myeusi myembamba kama mipaka ya nchi, na vipande vya ganda hilo hilo vilikutwa kwenye kola ya marehemu.

"Ukoga," mkubwa alikuwa amesema. "Hata choo cha kwetu kina ukoga."

Somoe alipiga picha ule ukoga akamtumia Profesa Carlota Mbawala, mwanamke anayefundisha elimu ya mimea chuo kikuu cha mbali, ambaye sifa yake kubwa, kwa mujibu wa waliompa namba yake, ilikuwa ni kutopenda watu.

Ndoo ya mwisho ilikuwa inajaa, nje kunaanza kupambazuka, simu ikaita.

"Wewe ndiye uliyenitumia picha?"

"Shikamoo, Profesa. Ndiye mimi."

"Marahaba. Umepiga vibaya, lakini nimeona. Umeitoa wapi?"

"Kwenye kola ya marehemu. Huku Mtwara."

"Haiwezekani."

"Marehemu hana sababu ya kudanganya, Profesa."

"Marehemu sina shida naye. Shida yangu ni Mtwara." Akasikika anavuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Hiyo tunaiita likeni. Nyie mnasema ukoga wa mawe, mnakwangua. Ni kuvu na mwani walioamua kuoana. Mmoja kajenga nyumba, mwingine anapika. Ziko za namna nyingi, hata minazi yenu imejaa likeni. Lakini hii ni ya baridi. Iko kaskazini kabisa huko kwenye barafu. Iko na kusini kabisa, kwenye barafu nyingine. Katikati hapa, kwenye joto letu lote hili, haipo."

"Haipo kabisa?"

"Niache nimalize. Haipo, ila juu ya milima mirefu. Kilimanjaro, kwa mfano, kule ambako hata nyasi zimekata tamaa. Fikiria visiwa, basi, ila visiwa vya baridi, na bahari inayovitenganisha ni joto."

"Sasa inavukaje bahari hiyo?"

"Upepo, ndege, zama za kale za barafu. Wenzangu wanagombana juu ya hilo kila mwaka, na wanaalikwa chakula kizuri ili wagombane. Wewe jua moja tu: kwenu haikuota. Imebebwa ikaletwa. Na inakua polepole kuliko akili za watu wengine. Duara lake la upana wa chapati lina umri wa mamia ya miaka."

Somoe akafunga bomba. "Kuna mtu hapa ana mawe yenye likeni, Profesa. Dokta Idrisa Chilumba. Anasema moja kalitoa Ncha ya Kaskazini, jingine Ncha ya Kusini."

"Dokta wa nini?"

"Huwa hasemi."

"Nilidhani hivyo," alisema Profesa, akakata simu bila kuaga.

*

Mlango wa chumba cha mbele cha Dokta Idrisa ulikuwa na kibao: NYUMBA YA BARIDI. Ndani kiyoyozi kilikuwa kimewashwa mpaka Koplo Yohana, aliyefuatana na Somoe, akaanza kujikunyata. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya Dokta amevaa koti la manyoya, nyuma yake weupe mtupu. Mwenyewe alisimama chini ya picha hiyo amejifunga skafu ya sufi. Mtwara. Mwezi wa joto. Watu walikuwa wakileta wanafunzi hapa kumsikiliza, na kesho walitazamiwa wafadhili kutoka ng'ambo.

"Karibu, binti," alisema. "Poleni na msiba huu. Siku hizi wanawake mnatumwa hata kwenye damu."

"Tunatumwa popote wanaume walipochafua, Dokta. Huyu ni Koplo Yohana. Tuna maswali machache kabla fundi hajapelekwa mahakamani."

"Yule kijana. Nilimhurumia nikampa kazi." Akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopigwa pasi. "Lakini watu wa kutoka kule mtoni, unajua mwenyewe."

"Sijui. Niambie."

Dokta akaona ni salama zaidi kuonyesha maonyesho yake. Akawapeleka kwenye kabati la vioo katikati ya chumba. Ndani yake, juu ya kitambaa cha mahameli, mawe mawili meusi yalikuwa yameegemezwa kila moja na kibao chake: NCHA YA KASKAZINI, NCHA YA KUSINI. Kila jiwe lilikuwa na ganda la manjano-kijani lenye mistari myeusi.

Akahutubia. Alisema jinsi alivyotembea kwenye barafu pua ikiganda. Alisema jinsi kiumbe kimoja dhaifu kinavyoishi miisho yote miwili ya dunia bila kukanyaga katikati, na kwamba katika hilo kuna funzo kwa wanadamu. Somoe alimwacha. Baba yake alikuwa mchoma chokaa kule Ziwani, na jambo la kwanza alilomfundisha ni kwamba tanuri haliharakishwi. Ukilifungua mapema unapata mawe mabichi na macho yenye moshi.

Hotuba ilipokwisha, Somoe aliigeukia ramani ya dunia iliyokuwa ukutani. Ilikuwa na pini nyekundu juu, na pini nyekundu chini.

"Hizi pini kaweka nani?"

"Mkono huu hapa."

"Na katikati?"

"Katikati hakuna kitu, binti. Ndipo muujiza ulipo."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Kabisa. Joto tupu."

Somoe akamtazama Koplo Yohana, Yohana akatazama kiyoyozi. Mtanzania gani anaandika habari za baridi akauruka Kilimanjaro? Hata mtoto wa chekechea ukimpa pini moja ataichoma pale. Ama Dokta hajui kwamba likeni hii iko huko, basi ni mjinga. Ama anajua, na ana sababu ya kutotaka mtu yeyote anyooshe kidole hapo. Somoe alikuwa bado hajaamua amdharau kwa lipi zaidi.

"Kabati hili hufungwa?"

"Wakati wote. Ufunguo ni mmoja." Akavuta mkufu kutoka ndani ya skafu. "Ninalala nao. Hata mke wangu hajawahi kuushika."

"Hata mlinzi? Hata fundi?"

"Binti, hii si stoo ya mihogo."

"Na mawe yako ni haya mawili tu. Hayajawahi kuwa matatu."

"Mawili. Moja kutoka kila mwisho wa dunia. Nilishaeleza kituoni."

"Ulieleza, na lile la kwenye mfuko wa fundi ukasema hujawahi kuliona. Fungua kabati."

"Vitu hivi haviguswi ovyo."

"Koplo ana glavu."

Dokta akafungua. Alichelewa kidogo kupata tundu la ufunguo, akasingizia baridi.

Yohana alitoa jiwe la Kaskazini, akaligeuza. Upande uliokuwa umeegemea mahameli ulikuwa umevunjika bapa, na ukingoni mwake palikuwa na weusi mwingine juu ya weusi wa jiwe, unaong'aa kama mafuta. Somoe akainama akanusa. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Amelelewa ndani ya harufu hiyo.

"Geuza la pili," alisema.

La Kusini nalo lilikuwa na weusi ule ule.

Kwao, mtu akitaka kupasua tumbawe kubwa asilolimudu, hapotezi nguvu kwa nyundo. Analaza vifuu vya nazi kwenye mstari anaoutaka, anawasha, anaacha jiwe lipate joto mpaka likolee, halafu anamwaga maji. Jiwe linalia mara moja na kufunguka pale pale lilipoambiwa. Kila mtoto wa pwani hii ameona. Na moshi wa vifuu una mafuta. Ukishaingia kwenye jiwe, sabuni inaosha mikono yako tu.

"Dokta," alisema Somoe, "huko Ncha ya Kusini mlikuwa mnapikia nini?"

"Samahani?"

"Hapa pana moshi wa vifuu."

Dokta akacheka kicheko cha pembeni. "Hiyo ni volkano, binti. Kule chini ya barafu kuna volkano."

"Volkano inayokula nazi."

Koplo Yohana akakohoa kwenye glavu.

"Kwenu wapi, Dokta?"

"Nimezaliwa hapa hapa. Lakini mimi ni mtu wa dunia."

"Ndiyo maana. Mtu wa dunia angetafuta nyundo. Wewe ulipata jiwe gumu la mlimani, ukalifanyia kama tunavyofanya nyumbani." Akatandika gazeti juu ya meza. "Koplo, liweke la Kaskazini hapa. La Kusini lisogeze mpaka yaonane."

Yohana akasogeza. Mawe yakagusana, yakakataa. Akazungusha la Kusini kidogo, yakakubali. Ganda la huku likalipata ganda la kule. Kila mstari mweusi ulioishia ukingoni mwa Kaskazini uliendelea Kusini bila kuruka, kama mto unaopita chini ya daraja. Vipande viwili vya duara vikawa duara moja, pana kama chapati, la mamia ya miaka, isipokuwa upande mmoja ambako palikuwa na pengo, kama mtu ameshamega tonge.

Kiyoyozi kilinguruma.

"Dunia ndogo," alisema Somoe.

Akafungua bahasha ya kielelezo aliyokuja nayo, akatoa jiwe la kwenye mfuko wa Adelino. Lilikuwa limesuguliwa kwa nguvu, lakini likeni haikai juu ya jiwe kama vumbi, imejishikiza ndani. Ganda lilikuwa limechubuka tu, mistari bado inasomeka. Akalishusha kwenye pengo. Likakaa.

"Idrisa Chilumba," alisema, na sauti yake haikupanda, "kuanzia sasa hulazimiki kusema lolote. Utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Aliiba," alisema Dokta. Alikuwa amesahau kuelewa. "Sasa nimekumbuka. Kulikuwa na kipande. Kilikatika safarini. Yule kijana kaiba."

"Kipande cha lipi? La Kaskazini au la Kusini?"

Dokta akayatazama mawe. Jasho lilikuwa limemtoka katika baridi yake mwenyewe.

"La Kusini."

"Sogea uone lilivyokaa. Limegusa lipi?"

Lilikuwa limegusa yote mawili.

"La Kaskazini, basi."

"Usiharakishe. Ncha ni mbili tu, lakini umbali ni mkubwa." Somoe akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amekaribishwa kulifanya. "Na kama aliiba, alifunguaje? Ufunguo mmoja, unalala nao, mkeo hajaushika. Umesema mwenyewe, dakika hizi hizi, kwa fahari."

Mkono wa Dokta ulikwenda kwenye mkufu, ukauacha, ukaurudia.

"Mikaeli," aliendelea Somoe, "kabla hajaja kulinda geti lako alikuwa mpagazi. Alikuwa anapandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro na kuishusha. Adelino alinieleza hilo siku ya kwanza, mkubwa wangu akasema halihusiani. Adelino alisema marehemu alikuwa akipita dirishani hapo anacheka peke yake. Akiulizwa anajibu, 'Njomba, mzigo nilioushusha kwa bega langu leo una pasipoti mbili.' Adelino hakuelewa. Mimi nimeelewa leo. Ulipanda mlima mara moja, Dokta, tena na mbeba mizigo. Ulishuka na jiwe moja, na hotuba yako ilikuwa inahitaji mawili."

Dokta alikaa. Akaivua skafu, akaishika mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenzie.

"Alisema atawaambia," alisema. Sauti ya hotuba ilikuwa imekwisha. "Wageni wa kesho. Si kwa ubaya, alisema, kwa kuwachekesha. Atawaonyesha na bega lenyewe. Mlinzi, binti. Mtu wa getini. Mimi nilijenga haya yote, shule zinakuja, watu wananisikiliza, halafu mtu wa getini asimame pale anicheke."

"Ulimwita aje stoo?"

"Nilitaka anyamaze. Nilikuwa na kile kipande mkononi, nilikuwa nakwenda kukificha. Nilitaka anyamaze tu."

"Amenyamaza. Halafu ukaosha jiwe, ukamtilia mwashi mwenye mke na mtoto, kwenye mfuko alioulaza ukutani usiku ule."

"Hawa wamezoea," alisema Dokta. Alisema kwa upole, kama anatoa maelezo ya ziada kwa wanafunzi. "Wao kukamatwa kamatwa wamezoea."

Somoe alimtazama kwa muda. Alikuwa ameshakaa mbele ya wezi wa korosho bandarini, wapiga watu nondo, baba aliyemchoma mtoto kwa maji ya moto. Na kwa kila mmoja wao alipata mahali padogo pa kuweka huruma, hata kama ni pa kusimama mguu mmoja. Alitafuta hapa. Hakupaona.

"Mfunge pingu, Koplo," alisema. "Na hiyo skafu mnyang'anye. Asije akajinyonga nayo tukaambiwa ni baridi."

*

Mkubwa aliyazunguka mawe matatu juu ya meza yake, akayaunganisha, akayaachanisha, akayaunganisha tena kama mtoto aliyepewa kichezeo cha ndugu yake.

"Mimi tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi na yule Dokta," alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Skafu. Mtu mzima na skafu."

"Ndiyo, Afande. Naomba saini ya kumwachia fundi. Gari la mahakamani limeshafika, na jina lake bado liko kwenye orodha ya dereva."

Mkubwa akasaini. Alisaini kwa madaha, kama vile uhuru wa Adelino ulikuwa kwenye kalamu yake tangu juzi, ukingoja wino tu.

Nje, kwenye benchi la saruji, Maria, mke wa Adelino, alikuwa amekaa tangu asubuhi na mtoto wao Telma. Alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, macho yako kwenye lile gari lenye nyavu. Mtu aliyekwisha kuambiwa "subiri" mara nyingi hasimami haraka; Somoe alipotokea mlangoni Maria alikaza mkono kwa mtoto, akangoja kuambiwa tena.

"Anakuja," alisema Somoe. "Si kwa gari. Anakuja kwa miguu yake, mnakwenda nyumbani."

Maria alifunua kanga usoni, akaikunja, akaikunjua.

Adelino akatokea koridoni. Walikuwa wamempa viatu vyake, lakini mkanda ulionyang'anywa siku ya kuingia haukuonekana, na askari wa zamu alikuwa amekwisha kutafuta kwa kiasi alichoona kinamtosha mtu kama Adelino. Kwa hiyo alitembea ameshika kiuno cha suruali kwa mikono miwili, amekonda, shati la kuazima, anapepesa macho kwenye mwanga. Akamwona mkewe akasimama. Kisha akamwona mtoto, naye mtoto akateleza kutoka benchini, akaja mbio, akanyoosha mikono yote juu.

Adelino alimtazama mwanawe. Akamtazama Somoe, wale askari, watu wote waliokuwa wamejaa kwenye kibaraza. Akaachia suruali, akamnyanyua.

Telma alimkumbatia shingo kwa nguvu. Halafu akachungulia chini, nyuma ya bega la baba yake, akasema kwa sauti iliyosikika kibaraza kizima:

"Baba, suruali yako inaanguka."